Tunda la Kumi na Mbili

Wanangu mnaoanza kazi msimu huu kwenye ghala letu la kufungashia maparachichi hapa Makambako, msimamizi wenu ameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu usafi wa mikono. Usafi wa mikono umeshabandikwa ukutani karibu na sinki, tena kwa herufi kubwa, nendeni mkasome pale. Mimi nitawaeleza jinsi nilivyombeba mgongoni mtoto asiyekuwepo, ndani ya ndege, katikati ya dhoruba ya theluji, nikiwa safari ya kikazi. Mikono itaingia humo humo.

Wengi mnanijua kwa jina la Mama Faraja, yule bibi anayekuja kusalimia halafu anaanza kuwapangia upya makreti yenu. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa ubora wa umoja wa wakulima wetu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: unasimama kati ya mti na kontena, unasema hili liende, hili libaki. Ugumu wake ni kwamba kila unaposema libaki, kuna mtu anayekuangalia kwa macho mabaya.

Aliyenifundisha ni Mzee Mgaya, mwenyekiti wa umoja, mkulima wa upande wa Njombe mwenye miti aliyoipanda kwa mkono wake wakati majirani zake bado wanaona parachichi ni chakula cha nguruwe. Siku yangu ya kwanza nilimwambia tunda fulani limekomaa kwa sababu ni kubwa. Hakubishana. Alilichukua, akaliweka ndani pamoja na ndizi mbivu, na lilipolainika akaniita, akanipa kijiko na chumvi. "Kula," akasema. "Lote." Wanangu, nilitafuna kama natafuna ndara. Halina mafuta, halina utamu, ni maji na mpira. Alisimama pale mpaka nikamaliza.

Kisha ndiyo akanionyesha. Kata tunda, toa kokwa. Ganda la kokwa likiwa bado jeupe na nene, tunda halijakomaa hata kama ni kubwa kama kichwa chako. Likiwa jembamba, la kahawia, limekauka kama karatasi, hapo chuma. Siku hizi mna kale kaoveni ka kukaushia nyama ya tunda na mizani ya kupimia maji yaliyotoka, na ni jambo zuri sana, kaoveni hakadanganyiki kwa ukubwa. Lakini umeme ukikatika, kokwa bado lipo.

Na msiminye tumbo la tunda. Nimewapiga vikofi vya mikono wengi kwa kosa hilo na sijutii. Ukitaka kujua kama limeiva, gusa shingoni, pale karibu na kikonyo, kwa kidole gumba, polepole. Ukiminya tumbo, alama ya kidole chako atakuja kuikuta mlaji huko mbali, nyeusi, naye atajiuliza ni mjinga gani aliyepita hapo.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana bila hilo safari isingekuwepo.

Mnajua Machi ya Njombe. Unaamka, shamba halionekani, ukungu umelala juu ya miti, na yale manyunyu yasiyokuwa mvua wala umande yanashuka mpaka saa tano. Sheria ni moja: tunda halichumwi likiwa limelowa, na linakatwa kwa mkasi, kikonyo kifupi kikibaki. Ukiling'oa kwa mkono, pale kikonyo kilipotoka panabaki jeraha, na kama tunda limelowa, uozo unaingia kupitia hapo. Kwa nje hauoni kitu. Unaonekana tunda linapoiva, wiki kadhaa baadaye, mezani kwa watu.

Asubuhi ile tulikuwa na manyunyu, na kontena lilikuwa tayari Makambako likinguruma kwa baridi yake. Aliyekuja kubeba matunda shambani ni Salumu, mwenye lori, mtu wa Tanga aliyehamia Makambako zamani na hajawahi kuizoea baridi yetu hata siku moja. Alikuwa amejifunga shuka mpaka masikioni, akipiga honi.

"Mama Faraja! Kontena halisubiri ukungu!"

"Na ukungu hausubiri honi yako, Salumu!"

"Meli ikiondoka mtanilaumu mimi!"

Wachumaji walikuwa wananitazama. Wengine walikuwa wameshaanza, wanang'oa kwa mikono ili wawahi. Mimi nilikuwa na fomu ya ukaguzi mkononi, na kwenye fomu kuna mstari unaosema: matunda yamechumwa yakiwa makavu. Ndiyo au hapana. Nikatia alama kwenye ndiyo, nikasaini. Na Mzee Mgaya, mwalimu wangu, alikuwa amesimama nyuma yangu, amenishikia mwavuli ili karatasi isilowe wakati naandika kwamba hakuna kilicholowa.

Baada ya wiki kadhaa zikaja picha kwenye simu. Matunda yaliyokatwa katikati, shingo zote nyeusi. Mnunuzi wetu wa Ulaya hakuandika maneno mengi. Alisema hachukui tena mzigo wetu. Mwaka ule nguruwe wa kutoka hapa mpaka Igwachanya walinenepa vizuri kwa matunda yaliyokosa mnunuzi, na mimi nilikuwa nikipita barabarani naangalia chini, kwa sababu kila mwenye mti alidhani bahati mbaya imetupata, na bahati mbaya hiyo ilikuwa na saini yangu.

Msimu uliofuata tuliandika barua tatu kumwomba. Ya tatu akaijibu: mtu wenu aje na matunda ya msimu huu, nitayakata mbele yake Alhamisi saa nne asubuhi, na atanieleza kilichotokea. Nisiporidhika, biashara imekwisha.

Wakulima wakakaa kikao, wakasema niende mimi. Wakakubaliana pia nitakachosema: meli ilichelewa, ubaridi wa kontena ukapungua, matunda yakaharibika baharini. "Meli haina mdomo, haitabisha," akasema mmoja, watu wakacheka. Mzee Mgaya hakucheka. Alisema tu kwamba matunda ya safari atayafungasha yeye mwenyewe.

Nilichagua kumi na moja. Kokwa za wenzao wa mti ule ule nilikuwa nimeshazikagua. Nikapiga hesabu ya siku ili yaive Alhamisi, siyo kabla wala baada. Mzee akayazungushia magazeti moja moja, akayapanga kwenye begi la mkononi pamoja na karatasi za ukaguzi wa mimea, akafunga zipu. Salumu akanipeleka mpaka uwanja wa Songwe kwa gari lake, akitetemeka njia nzima na kunipa pole kwa baridi ninayoiendea.

"Salumu," nikamwambia, "mimi nimezaliwa Njombe. Mwezi wa sita naamka nakuta nyasi nyeupe kwa umande ulioganda. Baridi ya Ulaya itanifanya nini?"

Maneno hayo niliyameza Jumanne, kwenye ndege ya pili kutoka Dar es Salaam. Tulikuwa tumekaribia kufika, rubani akatangaza kwamba uwanja wa mji tunaokwenda umefungwa kwa theluji, tutashuka mji mwingine. Ndege ilikuwa inaanguka kidogo, inashikwa, inaanguka tena. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka nikaimba wimbo wa kanisani kwa Kibena, wote, beti zote, na jirani yangu akadhani ni dawa ya asili, akaniomba niendelee.

Tukashinda na kukesha kwenye ukumbi wa uwanja ule mgeni, nje kumegeuka unga mtupu. Nikafungua begi kuangalia matunda yangu. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Yalikuwa kumi na mawili.

La kumi na mbili lilikuwa zuri kwa nje kama wenzake. Lakini shingoni hapakuwa na kikonyo. Palikuwa na kishimo tu. Limeng'olewa kwa mkono. Damu ilinichemka. Nikapiga simu Njombe kwa mtandao wa pale uwanjani.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimia Mzee Mgaya kwa Kibena, kwa utulivu kama yuko barazani.

"Kamwene, baba. Baba, kuna tunda bovu kwenye begi langu!"

"Siyo bovu. Bado."

"Halina kikonyo!"

"Najua. Nimeling'oa mwenyewe, asubuhi, na manyunyu juu yake. Nimefanya kama tulivyofanya mwaka ule."

"Sasa umeniwekea la nini? Mtu atalikata hili, tutakwisha!"

"Wewe ndiye uliyeko huko," akasema. "Ukitaka litupe. Mapipa ya taka si yapo?"

Akakata simu. Mzee yule! Pipa lilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Nililitazama pipa, nikalitazama tunda, nikalirudisha kwenye begi kwa hasira, nikijiambia nitalitupa nikifika.

Jumatano mchana wakatuita. Kuna ndege ndogo itajaribu kutufikisha. Ile ndege haikuja mlangoni, tulitakiwa tutembee nje mpaka kwenye ngazi zake, na mfanyakazi wa pale akaniambia begi langu ni kubwa kwa ndege hiyo, litaingia chini kwenye mizigo. Nikatazama dirishani. Upepo ulikuwa unapeperusha theluji kwa ubavu, na mizigo ilikuwa imesimama nje kwenye kitoroli, imefunikwa nyeupe. Parachichi likiganda limekufa, wanangu. Likiyeyuka linakuwa uji mweusi. Nikajiuliza: mwanamke wa Njombe akitaka kitu kisipigwe na baridi, anakiweka wapi?

Nikatoa kitenge. Nikayafunga matunda yote kumi na mawili kwenye sweta, nikayaweka mgongoni, nikajifunga mbeleko ile ya kukaza, fundo kifuani, kisha nikavaa juu yake koti kubwa nililoazima kwa shemeji yangu. Mgongo wa mama una joto linalotosha kuivisha na halichomi. Hiyo siyo sayansi niliyofundishwa na Mzee Mgaya, hiyo ni yangu.

Nikatoka nje nimeinama, mkono mmoja nyuma nikishikilia, na midomo inasema shii, shii, kwa mazoea tu. Nimelea watano, mwili unajua wenyewe.

Hapo ndipo heshima ilipoanza. Watu waliokuwa mbele yangu kwenye foleni wakasogea pembeni. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akanishika kiwiko, akanikinga upepo kwa mwili wake mpaka ngazini, akapokea begi langu tupu. Ndani, mama mmoja akanipisha kiti cha mbele. Nilielewa wanachofikiri. Nilielewa kabisa, na sikusema kitu. Nilikuwa nimechoka, nimegandishwa masikio, na kupishwa ni kutamu. Nikajiambia, mimi sijadanganya mtu, wamejidanganya wenyewe.

Kisha akaja mhudumu wa ndege, binti mwenye nywele nyekundu, na mkanda mdogo mkononi. Ulikuwa mkanda wa mtoto mchanga, ule unaoshikizwa kwenye wa mama. Akapiga magoti karibu yangu, uso wote tabasamu, akauliza kwa Kiingereza mtoto ana miezi mingapi.

Masikio yangu yaliyoganda yakawaka moto.

"Dada," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule, "huyu si mtoto."

"Ni nini?"

"Ni maparachichi. Kumi na mawili."

Nikafungua koti, nikafungua fundo, nikamwonyesha. Binti yule alikaa chini sakafuni kwa kicheko. Mama aliyenipisha kiti akacheka, mzee wa ndevu akacheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa naomba msamaha huku na huku, nikamrudishia yule mama kiti chake, akakataa kabisa, akasema hajawahi kumpisha mtu kwa jambo zuri namna hii.

Rubani akatangaza tusubiri, mabawa yanamwagiwa dawa ya kuondoa barafu. Basi tukawa na muda. Mzee wa ndevu akaomba kushika tunda moja. Nikampa, naye papo hapo akaliminya tumboni. Mkono wangu uliruka wenyewe, pa! kofi la kidole, kama ninavyowafanyia ninyi. Nikashtuka, nimempiga mzungu wa watu. Lakini yeye akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akauliza basi washike wapi. Nikawafundisha safu tatu za mbele kugusa shingo.

Muda wa kuruka ulipofika, mhudumu akasema taratibu haziruhusu kitu mgongoni. Nikayapakata mapajani, na yeye akayafunga na ule mkanda, akaukaza vizuri. Maparachichi yetu ya Njombe yalipaa kwenye dhoruba yakiwa yamefungwa mkanda wa mtoto mchanga, na tulipotua salama watu walipiga makofi, nadhani mengine yalikuwa ya rubani.

Alhamisi saa nne kamili nilikuwa mbele ya mnunuzi. Mtu mrefu, mwembamba, hana utani. Mezani kulikuwa na ubao, kisu na chumvi. Nikapanga matunda yangu, nikayagusa shingo moja moja. Yalikuwa yameiva sawasawa na hesabu yangu, mgongo wangu haukuniangusha. La kumi na mbili nilikuwa nimelitenga mfukoni mwa koti. Sikuwa nimelitupa. Nilipita mapipa mengi na sikulitupa.

Hakugusa kisu. Alikaa, akaniuliza, "Kwanza niambie. Mwaka jana ilikuwaje?"

Ile meli ilikuwa tayari mdomoni. Kikao kizima kiliipakia mdomoni mwangu, na wenye miti wote walikuwa Njombe wakisubiri simu. Nikisema kweli na akatufukuza, nitarudi kuwaambia nini? Lakini nilikumbuka kiti cha mbele, jinsi kilivyokuwa kitamu mpaka yule binti alipopiga magoti na mkanda wake.

Nikatoa la kumi na mbili mfukoni. "Naomba nikate hili kwanza," nikasema.

Nikalikata. Kuanzia shingoni, pale penye kishimo, weusi ulikuwa umeshaingia kama mizizi, umefika karibu nusu. Nikalisukuma mbele yake.

"Hili limechumwa na manyunyu, kwa mkono. Mwaka jana kontena zima lilichumwa hivi. Meli haikuchelewa. Fomu inasema yalikuwa makavu, na saini ya kwenye fomu ni ya mkono huu."

Akafungua droo, akatoa ile fomu. Alikuwa nayo! Akaiweka kando ya tunda bovu, akawa anatazama kimoja, anatazama kingine.

"Nilikuwa nasubiri meli," akasema mwishowe. "Kila anayekaa kwenye hicho kiti ananiletea meli."

Akachukua kisu, akakata yale kumi na moja, yote. Yalikuwa safi, ya kijani na njano, yananawiri kwa mafuta. Akatia chumvi, akala moja. Akala la pili. La tatu akanigawia nusu, na hilo ndilo lililonitoa machozi, msiniulize kwa nini.

"Leteni kontena moja," akasema. "Moja tu. Na fomu usaini wewe."

Niliposhuka Makambako nilikuwa na furaha na woga pamoja, maana nilikuwa nimevunja neno la kikao. Mzee Mgaya alikuwa ananisubiri stendi na mwavuli wake. Hakuniuliza habari za mnunuzi.

"Lile la kumi na mbili," akasema, "ulilitupa wapi?"

"Sikulitupa, baba. Nililikata la kwanza."

Aliangalia buti zake. "Mwaka ule mimi ndiye niliyeshika mwavuli," akasema. Akapokea begi langu, tukaenda.

Siku ya kuchuma kontena lile moja, sijui niwaambieje, tuliamka na manyunyu. Wachumaji wamesimama na mikasi, Salumu kajifunga shuka, anapiga honi, anaita kontena halisubiri. Wote wananitazama mimi. Nikaenda kwenye mti wa kwanza, nikashika tunda. Kiganja kikatoka kimelowa. Nikageuza kreti, nikaketi juu yake, fomu mapajani, nikaomba chai.

Salumu alipiga honi mara mbili zaidi. Kisha akazima gari, akaja kuomba kikombe na yeye. Mzee Mgaya akaja na mwavuli wake, akasimama kando yangu, na safari hii hakuufungua. Manyunyu yakashuka juu yetu, fomu ikalowa mpaka wino ukatambaa, na tukanywa chai hivyo hivyo mpaka saa tano.